Gumzo la Ukoo wa Kibokoni: "Sit" na "Kaa"

Salma: Assalaam alaykum nyote. Mjomba Athman, nakuomba unifafanulie jambo kabla ya mtihani wa KCSE. Naona neno "sit" likitumika kwa mtahiniwa, kwa Bunge linapokutana, kwa kuku aliye juu ya mayai na hata kwa nguo mwilini. Vipi kitenzi kimoja kikabeba yote hayo?

Mjomba Athman: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Anzia kwenye lugha yako. Sisi husema wajumbe wamekaa, na kutokana na kitenzi hicho tukapata kikao. Waingereza nao wana "session", lililotoka katika kitenzi cha Kilatini "sedere", yaani kukaa kitako, ambacho kina nasaba moja na "sit". Mkaazi na "resident" ni vivyo hivyo. Hata "president", ukiifuata hadi Kilatini, ni yule akaaye mbele ya wengine, ilhali rais wetu ametoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa. Kiswahili na Kiingereza havina udugu wowote, lakini hapo vimepita njia moja, na hilo ndilo linipendezalo zaidi.

Mama Mkubwa Rukia: Kwa nguo pia tuko pamoja nao. Gauni likimlingana mteja mabegani bila kuvuta kwapani, husema limemkaa. Kuku ndiye tuliyempa neno lake mwenyewe, kwani yeye huatamia.

Salma: Basi nikiandika kwamba Bibi "sits in Kibokoni", nitakuwa nimesema kweli?

Mjomba Athman: La, hapo ndipo njia zinapoachana. Kaa yetu imebeba makazi, imebeba kudumu, kama kiatu kilichokaa miaka, na imebeba hali, kama tunapoambiana tukae kimya. Ndiyo maana mgeni akiingia sebuleni twamwambia akae kitako, ili maana isitangetange. Kwa makazi, Kiingereza chataka "live". Nyumba yaweza "sit" juu ya kilima, lakini mwenye nyumba hasemwi hivyo. Tena jihadhari na "sit for": kwa matumizi ya Uingereza, mtu anayesemwa kuwa "sits for Mvita" ni mbunge wa Mvita. Kwenye mtihani, anayetajwa kwa "sit" ni mtahiniwa, wala si msimamizi, na Wamarekani aghalabu hutumia "take".

Faraj: Salma, ongeza "sit-in", kwa sababu hapo kukaa kuligeuka kuwa kitendo cha ujasiri. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi 4 weusi mjini Greensboro, North Carolina, walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, ambako weusi hawakuruhusiwa kukaa na kuhudumiwa, wakaagiza, wakanyimwa, na hawakuondoka mpaka duka lilipofungwa. Siku zilizofuata walirudi wakiwa wengi zaidi, na katika wiki chache mtindo huo ukaenea katika miji mingine ya kusini mwa Marekani.

Bibi Mwanaidi: Nimewasoma, wanangu. Nashangaa kwamba hamjataja msiba. Sisi watu hukaa matanga, na mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi 4 na siku 10. Je, Waingereza hawana kukaa kwa namna hiyo?

Mjomba Athman: Shikamoo, Mama. Kukaa huko kumo katika Kiingereza cha Mayahudi, ambao husema "sit shiva", yaani kuomboleza siku 7 baada ya kumzika mzazi, ndugu, mtoto au mwenzi wa ndoa. "Shiva" ni saba kwa Kiebrania, na wafiwa kwa desturi hukaa kwenye viti vifupi wakati majirani wanapokuja kuwafariji na kuwaletea chakula.

Salma: Shikamoo, Bibi. Mjomba, basi eda niiandike kwa "sit" vilevile?

Mjomba Athman: Tumia "observe", mwanangu, kisha ueleze eda ni nini katika sentensi inayofuata, kwa kuwa msahihishaji huenda asiwe Mwislamu.