Mliosambaza ule ujumbe wa saratani na chupa za plastiki, njooni mzoe vioo kwenye friza yangu

Wakuu, naandika nikiwa na plasta kidoleni, mnivumilie herufi zikirukaruka.

Wiki nzima shemeji yangu anatuhubiria humu ndani: chupa ya plastiki ukiigandisha inatoa sumu inayoitwa dayoksini, na dayoksini inaleta saratani. Kayatoa wapi? Ujumbe wa simu, ule wa "watumie uwapendao". Namuuliza kaandika nani, ananijibu "daktari". Daktari gani? Kimya.

Jana usiku kamimina maji yote kwenye chupa mbili za kioo, kajaza mpaka mdomoni, kakaza vifuniko kama anafunga nati za gurudumu, kazitia friza, kaenda kulala.

Asubuhi navuta droo. Chupa moja imepasuka kuanzia begani hadi kitakoni, barafu imesimama yenyewe na umbo lile lile la chupa, mpaka shingo. Ya pili niliiona nzima. Nikaishika shingo nikainua, shingo ikaja peke yake. Na zile chenga ndogo zimegandia kwenye barafu ya ukutani, huzioni kabisa. Mimi nilizijua kwa kidole.

Halafu shemeji ananishauri barafu iyeyushwe tuichuje kwa kitambaa, tusipoteze maji! Nimemwaga yote, pamoja na vile vibarafu vya trei vilivyokuwa wazi pembeni.

Sasa nisikilizeni nyie wa kusambaza. Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9. Chupa ya lita moja na nusu inataka nafasi ya zaidi ya mililita 130. Plastiki itavimba, kitako kitatokeza mpaka chupa ishindwe kusimama, lakini inakubali kunyooka. Kioo hakinyooki. Na ile shingo nyembamba ikiwahi kuganda inakuwa kizibo, maji ya chini yakitanuka yanasukuma ukuta. Ndiyo maana chupa ya kioo yenye mabega ni kamari hata ukiipunguza maji.

Hiyo dayoksini yenu inazaliwa motoni, taka zinapochomwa. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaizalishaje? Baridi inapunguza kasi ya kemikali kutoka kwenye plastiki, joto ndilo linaongeza. Na huyu huyu shemeji ana chupa ya maji inayopigwa jua kwenye gari kila siku, anaigida bila wasiwasi wowote. Hilo ujumbe haukusema.

Mimi miaka yote nagandisha kwenye plastiki safi. Najaza nusu, nafunga, nalaza ubavu, ikishaganda naongeza maji ya kawaida na kunywa. Nikitaka barafu tupu napunguza hadi begani, nasimamisha, kifuniko nakilegeza mpaka igande. Soda sigusi, ile ina gesi, ikiganda inalipuka. Na msidhani baridi inaua vijidudu, wengi wanalala tu, kwa hiyo chupa uliyoinywea mdomoni ioshe kwanza.

Saa hizi friza imezimwa, mlango wazi, taulo limetandikwa chini. Kila kipande cha barafu kikianguka nasikia na kioo kinagonga sakafu. Nimemwita shemeji aje kuzoa, kaniambia yuko kwenye simu.