Nimeacha sabuni natumia mafuta tu: uso umekubali, kichwa kimekataa. Naombeni ushauri

Mama Pacha wa Ujiji

Habari za jioni wapendwa. Nina jambo naomba ushauri, na tafadhali mtu asinicheke kabla hajamaliza kusoma.

Kwetu ni Tabora mjini, Ujiji nimekuja mwaka jana kumfuata mume. Kazi yangu ni kukaanga migebuka na dagaa, kwa hiyo kuanzia alasiri mpaka usiku uso wangu uko juu ya karai. Tabora nilikuwa nanawa na sabuni ya mche ileile ninayofulia, na ngozi haikuwahi kunisumbua. Huku, mwezi wa kwanza tu, uso ukaanza kukaza. Nikinawa na kujifuta, nikitabasamu nasikia ngozi inavutwa pembeni mwa mdomo, kama mtu aliyepakwa ute wa yai ukamkaukia. Mashavu yakaanza kutoa unga.

Mama mkwe akasema achana na sabuni. Akanipa kichupa cha mafuta ya mise, yale ya kiini cha mbegu ya mchikichi, akaniambia wao tangu usichana uso na nywele ni mise tu. Mimi na haraka zangu, usiku wa kwanza sikukiona kile kichupa, nikachota mawese ya jikoni nikijua mafuta ni mafuta. Asubuhi foronya ya mume wangu ina picha yangu: paji, shavu moja na nusu ya pua, rangi ya chungwa. Nimeifua mara tatu, picha bado ipo.

Baada ya aibu hiyo nikashika mise sawasawa. Napaka usoni, nachua, nafuta kwa kitambaa cha maji ya moto. Wiki ya pili kukaza kukaisha kabisa, nikawa natangazia majirani. Wiki ya tano vikaanza vipele vidogo vidogo kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia.

Kichwani ndiyo balaa. Mwezi wa pili huu sijaosha nywele kwa sabuni wala shampuu, ni mise na kitambaa tu. Panawasha mpaka usingizi unakata. Nikikuna, kucha inarudi na unga wa njano unaonata. Na harufu ipo, tusidanganyane.

Niendelee, kwamba mwili bado unazoea? Nibadilishe mafuta? Au nirudi kwenye sabuni nikubali kukakamaa?

Kaka wa Mwanga

Hiyo foronya usiifue tena shemeji. Weka fremu, tundika sebuleni.

Mwalimu wa Maabara

Pole dada. Kila mtu atakimbilia kwenye mafuta, mimi nataka turudi nyuma kidogo. Sabuni ni ileile, uso ni uleule, kilichobadilika ni maji.

Tabora siku hizi bombani kuna maji ya Ziwa Victoria. Yale ni maji laini, sabuni ukiigusa tu povu limejaa. Sisi huku tunakunywa na kuoga Tanganyika. Ziwa letu lina magnesiamu nyingi, zaidi ya miligramu 40 katika kila lita, na pH yake, kile kipimo cha uchachu ambacho kikipanda uchachu unapungua, inakaribia 9. Sasa sabuni ya mche ni mafuta yaliyopikwa na kostiki. Ikikutana na magnesiamu au kalsiamu inagandamana nayo, unapata ule utando wa kijivu unaozunguka beseni baada ya kufua. Umeshawahi kuukwangua kwa kucha? Basi huohuo unabaki usoni kwako. Ngozi yenyewe inapenda uchachu kidogo, pH ya 5 hivi, na sabuni ya mche inafika 9 hadi 10. Unanawa na kitu kikali, halafu unasuuza kwa maji yasiyokitoa vizuri.

Kama huniamini, chukua chupa mbili za maji, moja kinga mvua, nyingine jaza ya bomba. Kila moja tia kipande cha sabuni ukubwa wa punje ya hindi, tikisa. Ya mvua itatoa povu mpaka shingoni. Ya bomba itakupa maji ya maziwa na vinyuzinyuzi vinavyoelea. Wanafunzi wangu huwa wanabishana kabla ya kutikisa, wakishatikisa kimya.

Kwa hiyo mise imekusaidia kwa sababu mbili: moja ni mafuta yenyewe, nyingine ni kwamba umeacha kujipaka ule utando. Hiyo ya pili ungeipata hata kwa kusuuzia uso maji ya mvua.

Zungu la Unga

Mambo ya kuiga video za mtandaoni haya. Mafuta yanasafisha nini? Mafuta ni uchafu wenyewe.

Mwalimu wa Maabara

Mkuu, gari likikuachia grisi mkononi fundi anakupa nini? Anakupa mafuta ya taa kwanza, sabuni baadaye. Mafuta huyeyusha mafuta. Moshi wa karai, poda, losheni na mafuta ya ngozi yenyewe vyote vinalegea ukichua mafuta. Warumi wa kale kwenye mabafu yao walijipaka mafuta wakajikwangua kwa kijichuma kilichopinda, na hawakuwa na video. Ila uko sahihi kwenye kitu kimoja: chumvi ya jasho haiyeyuki kwenye mafuta. Ndiyo maana kitambaa lazima kiwe na maji, na ndiyo maana kwapani mafuta hayatakusaidia. Kwapani oga.

Bi Mkubwa Kasulu

Mwakeye wanangu. Mimi nina miaka 67, mise nimezaliwa nayo. Mama mkwe wako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Sisi tulikuwa tunapaka mise kichwani jioni, tunafunga kitambaa, tunalala. Asubuhi tunaosha! Sabuni tulikuwa tunaipika wenyewe, maji ya majivu na mawese, nyeusi hiyo, laini kama ugali wa muhogo. Mtu aliyepaka mafuta juu ya mafuta mwezi mzima bila kuosha tulikuwa tunamkimbia.

Na mawese usoni ni nani alikuambia? Mawese ni ya maharage.

Halafu huyo anayesema mafuta ni uchafu, sabuni anayoogea imetoka wapi? Ni haya haya ya michikichi.

Mama Pacha wa Ujiji

Shikamoo Bi Mkubwa. Kumbe kuna asubuhi ya kuosha! Hiyo sehemu haikusemwa kabisa. Au ilisemwa mimi nikiwa nafuata kichupa.

Dada Famasi

Mama Pacha, nafanya kazi duka la dawa, si daktari wa ngozi, nitaandika ninayoyaona kila siku dirishani.

Unga wa njano unaonata, muwasho na harufu: hiyo ni mba, na umeilisha mwenyewe. Mba inaendana na fangasi anaitwa Malassezia, anayeishi kichwani mwa karibu kila mtu bila ugomvi. Chakula chake ni mafuta. Hawezi kutengeneza mafuta yake, anategemea ya kwako. Wewe umempikia pilau miezi miwili. Kwa hiyo hilo la "mwili unazoea" lisahau. Acha mafuta yote kwenye ngozi ya kichwa kwa sasa. Tafuta shampuu ya dawa yenye ketoconazole, dawa ya fangasi, asilimia 2, osha mara mbili kwa wiki, povu likae dakika tano ndipo usuuze, fanya hivyo wiki mbili mpaka nne. Ukiona nywele zinanyonyoka kwa mabaka, vidonda au usaha, usinunue kitu dirishani, nenda hospitali waone.

Vipele vya paji navyo vina historia. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani waliandika kuhusu watu weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito nywelini, wakapata vipele vidogo vilivyojipanga kwenye paji na pembeni, pale pale ulipopataja wewe. Mafuta yanashuka na jasho, yanaziba vinyweleo. Na wewe juu ya karai unatoka jasho masaa sita.

Mise ni kama nazi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, aina ya mafuta inayoganda kwa urahisi. Asubuhi ya baridi inaganda kwenye kichupa, si ndiyo? Kwa mikono, miguu na visigino ni nzuri mno. Kwa uso unaotoka vipele mimi ningeiacha. Jaribu alizeti. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya watu wazima waliopakwa mafuta mkononi wiki kadhaa: zeituni iliidhoofisha ngozi, alizeti haikuidhoofisha. Akina mama wanaowapaka watoto zeituni kwa kuwa ni ghali, na hii iwafikie.

Mama Pacha wa Ujiji

Alizeti hii hii ya kupikia? Na napakaje, maana nahisi hata kupaka nilikuwa nakosea.

Dada Famasi

Hiyo hiyo, ila isiwe imetoka kwenye karai! Chupa mpya, isikae juani, ikianza kunuka ukale mwaga. Siku tatu za kwanza paka kidogo tu chini ya taya, uone kama inakuwasha.

Mikono mikavu, uso mkavu. Kijiko cha chai kimoja hakijai. Chua kama dakika moja, taratibu, hasa pembeni mwa pua. Kisha kitambaa cha pamba, maji ya uvuguvugu, ukikamue, ukiweke usoni kitulie mpaka kipoe ndipo ufute. Geuza upande, rudia. Watu wengi wanakosea hapo kwenye kufuta: anafuta mara moja, nusu ya mafuta na uchafu wote vinabaki, halafu anasema mafuta yamemharibu. Kitambaa kifuliwe kila siku, kianikwe juani. Kitambaa cha juzi chenye mafuta ni ugonjwa.

Usiku tu inatosha. Asubuhi nawa maji matupu.

Msusi wa Isevya

Dada wa nyumbani Tabora, karibu. Mimi nasuka, acha niseme ya nywele maana naona mnazimaliza kwa dawa tu.

Mafuta kwenye nywele si mabaya, mabaya ni kuyafanya badala ya kuosha. Mba ikiisha, fanya kama Bi Mkubwa: mafuta KABLA ya kuosha. Wahindi walilipima hili, walichapisha mwaka 2003: mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, alizeti na mafuta ya madini hayakufanya hivyo. Mise ni ndugu wa nazi, ingawa waliyemjaribu wao ni nazi. Paka kwenye nywele zenyewe kuanzia katikati kwenda nchani, acha ngozi ya kichwa, kaa saa moja, osha.

Na asije mtu akakuletea nyonyo ukaimimina. Mimi mwenyewe yalinikuta. Mteja ana nywele ndefu za asili, amejimwagia nyonyo nzito nyumbani, kaja niioshe. Nikamwaga maji ya moto, nikasugua kwa kuzungusha. Ndani ya dakika chache nywele zikajikamata, zikawa donge kama kiota cha shomoro. Tulikaa na chanuo mpaka giza linaingia, mafuta mengine, vidole, sindano ya kusukia. Mwishowe mkasi. Sikumtoza hela na bado sipiti mtaa wao. Nyonyo ni matone mawili ndani ya mafuta mepesi, basi.

Na mbegu zake msizitwange nyumbani, zina sumu kali. Yanunuliwe yaliyokamuliwa tayari.

Zungu la Unga

Nimesoma yote. Nimetikisa zile chupa pia. Mwalimu, samahani.

Mwalimu wa Maabara

Umetikisa kweli?

Zungu la Unga

Nimetikisa. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu.

Mama Pacha wa Ujiji *(wiki nne baadaye)*

Nimerudi na majibu, maana nachukia uzi wa mtu anayepotea.

Kichwa: shampuu ya ketoconazole, nimeosha mara saba. Muwasho uliisha kwenye ya tatu. Unga bado kidogo nyuma ya sikio la kushoto. Maji ya kusuuzia nakinga ya mvua, nina ndoo mbili chini ya bati, mvua za mwezi huu zinanihurumia.

Uso: alizeti usiku, kitambaa nimekata khanga iliyochakaa vipande sita, kila siku na chake. Vipele vya paji vimebaki vitatu. Nilijaribu tena sabuni ya mche siku moja, makusudi, na maji ya bomba, nione. Kukaza kulirejea kabla sijatundika taulo. Mwili sijaacha sabuni, na mise imehamia kwenye visigino, vimekuwa laini mpaka soksi zinateleza.

Mama mkwe alikuta shampuu bafuni akaniuliza naumwa nini. Nikamweleza, akasema vijana hatuna subira, mise haijawahi kumshinda mtu. Juzi nimeona chupa imeshuka vidole viwili, na mimi siku hiyo sikuosha nywele. Nimekaa kimya.

Kaka wa Mwanga

Na foronya?

Mama Pacha wa Ujiji

Ipo. Amekataa isitupwe, anailalia yeye.