"Kijana wa viti, ongeza viti huko nyuma." Wakuu, hii ni haki kweli?

Simba wa Heru (mleta mada)

Wakuu, ndiyo natoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Yule bwana mnamjua. Kasulu Mji nzima inamjua. Yule wa suti ya kaki, akikohoa sokoni bei ya maharage inashuka. Leo kanidhalilisha mbele ya wajumbe niliokwenda kuwaomba udiwani.

Kura za maoni za chama. Wagombea tisa, kila mmoja dakika tatu za kujinadi. Nimefanya mazoezi wiki tatu mbele ya kabati la kioo mpaka mke wangu akawa ananipigia makofi usingizini. Nikapanda, nikawapa salamu ya Kiha, "Mwakeye!", wakaitikia hadi turubai likapepea. Nikaingia kwenye hoja: mji unakua, jana palikuwa shamba la mihogo, leo pana nyumba nne za bati na kibanda cha wakala wa pesa, ila njia za mitaani ni zile zile za kupitisha mbuzi. Nafika kwenye mitaro, wajumbe wametulia kama wanasomewa wosia, yule bwana akakamata kipaza sauti cha pili:

"Kijana wa viti! Viti vimepungua huko nyuma. Hebu ongeza."

Kijana wa viti. Nina miaka 38 na watoto watatu! Sheria inataka mgombea udiwani awe ametimiza miaka 21, mimi nimekaribia kuitimiza mara mbili!

Ndiyo, nakodisha viti, maturubai na muziki. Ndiyo, vile walivyokalia ni vyangu, na hela yangu bado hawajatoa. Lakini pale nilikuwa MGOMBEA. Yule mwalimu mstaafu aliyenitangulia, aliambiwa afute ubao? Yule mwenye duka la dawa, aliambiwa agawe za minyoo? Ila mimi, ongeza viti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mjumbe mmoja mama, aliyeniapia kura yake kwa jina la mwanawe, alicheka mpaka akaporomoka kutoka kwenye kiti. Kiti changu!

Nimepata kura 4. Kura 4 kwenye viti 210. Na kwa kuwa nchi hii mgombea binafsi haruhusiwi, bila chama huendi popote, basi mimi hapo ndiyo mwisho wa reli.

KIJANA WA VITI!

Mgebuka Mkavu
Pole sana mkuu. Swali dogo tu: uliongeza au hukuongeza?

Simba wa Heru
Hilo siyo suala la msingi.

Mgebuka Mkavu
Kaongeza huyu.

Shangazi wa Mwilamvya
Mimi nilikuwepo, safu ya tatu. Kaweka kipaza sauti chini, katoka mbio, karudi na viti kumi kichwani, jasho hadi kwenye tai. Tena akavifuta vumbi kimoja kimoja! Anamaliza tu, dakika tatu nazo zimekwisha.

Simba wa Heru
Shangazi, kulikuwa na wazee wamesimama. Ulitaka nifanyeje?

Bati Jipya
Mkuu, gombea Viti Maalum. Sifa unazo 210.

Kengele ya Pili
Hahahaaa uzi ufungwe, tumemaliza.

Mjukuu wa Kibondo
Viti Maalum ni vya akina mama, acheni kumpotosha mtu ana uchungu.

Bati Jipya
Kwani nimesema avikalie? Avipeleke.

Simba wa Heru
Chekeni tu. Yule bwana angewaambia nyie "ongeza viti" katikati ya hotuba, mngekuwa mahabusu saa hizi.

Mkwe Asiyependwa
Huyu asitulilie. Nilikodi viti vyake harusi ya mdogo wangu, kimoja kikakatika mguu mama mkwe akiwa juu yake. Mpaka leo jina langu halitamki, ananiita "yule".

Simba wa Heru
Kile kiti mlipakatana watu wawili. Na hujakilipa.

Kengele ya Pili
Samahani mkuu, kimoja unakodisha bei gani? Nina kipaimara Jumapili.

Simba wa Heru
Mia tano. Turubai tunaelewana. Njoo inboksi.

Fremu Tatu
Nyie mnalilia viti vya plastiki. Mimi kiwanja changu kimepimwa mara mbili. Ya kwanza wakasema makazi, ya pili nimekuta vigingi vya barabara vinapita jikoni, kwenye figa kabisa. Diwani nikimpigia anasema yuko kikaoni. Wiki ya sita hii! Baraza lenyewe kikao cha kawaida ni kila robo mwaka, yeye anakaa na nani huko?

Mjukuu wa Kibondo
Afadhali wewe barabara inapita jikoni. Kwetu haipiti popote. Ukishuka kwenye lami ukakunja kushoto tu, vumbi la magoti. Nimenunua viatu vyeusi, mke wangu anadhani ni vya kahawia.

Mgebuka Mkavu
Tulipokuwa na umeme wa jenereta mlilia giza. Umeme umekuja mnalia vumbi, kwa sababu sasa mnaliona.

Shangazi wa Mwilamvya
Vumbi si kitu. Jirani yangu mbuzi wake wamemaliza mchicha wangu wote, hadi mizizi. Sheria ndogo zinakataza mifugo kuzurura mjini, lakini mtendaji wa mtaa akipita anawapisha njia.

Fremu Tatu
Weupe wawili na beberu mwenye kengele?

Shangazi wa Mwilamvya
Hao hao!

Fremu Tatu
Wamekula miche yangu ya parachichi! Na vile vigingi vya barabara beberu kang'oa viwili, hapo tu ndiyo nilimshukuru.

Bati Jipya
Beberu huyo achukue fomu.

Simba wa Heru
Wakuu, turudi kwenye mada. Sijamaliza kuhusu yule bwana. Mbele ya watu 210, nafika kwenye mitaro, ndiyo anakamata kipaza sauti...

Fremu Tatu
Bwana yupi? Mwenye mbuzi?