Marvel ni ya Disney, sasa kwa nini Spider-Man tumemkosa Disney?

BabaImran

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe jambo moja linanisumbua tangu turudi likizo, najua humu wapo watu wanaofuatilia biashara za filamu na katuni.

Tunaishi Georgia ya Marekani, mwaka huu mimi na mama watoto tulidunduliza tukawapeleka watoto Orlando, Florida, kwenye paki za michezo za Disney World. Kijana wangu ana miaka 6, na ukimuuliza anampenda nani dunia nzima atakujibu Spider-Man, baba yake namfuata kwa mbali. Jamaa aliyetukatia tiketi nilimuuliza kabisa kwa simu, Spider-Man tutamkuta? Akajibu bila kusita, ndiyo, Marvel wenye Spider-Man si ni ya Disney. Basi siku ya kwanza mtoto kaamka saa kumi na moja alfajiri, kavaa fulana yake ya Spider-Man na kile kinyago cha kuvuta usoni, na kidaftari mkononi cha kuwekewa saini. Tumezunguka siku mbili. Mickey yupo, Goofy yupo, mabinti wa kifalme wamejaa, Spider-Man hakuna. Mwisho nikamuuliza dada mmoja mfanyakazi wa pale, dada mpole kweli, akachuchumaa mpaka usawa wa mtoto akamwambia Spider-Man haishi huku, alafu akasimama akaniambia kwa sauti ya chini yuko Universal. Kwa mshindani wao! Mwendo wa dakika 20 hivi kwa gari! Mtoto hakulia, afadhali angelia, alikikunja kile kidaftari akakitia mfukoni basi.

Sasa ndo nauliza, Disney walitoa mabilioni kuinunua Marvel, inakuwaje mtu anunue ng'ombe alafu maziwa yakamuliwe kwa jirani? Na kwa jinsi haya makampuni yanavyomezana kila mwaka, mzazi atajuaje katuni gani iko wapi kabla hajalipa?

SheriaKidogo

Pole sana mkuu, na dogo mpe pole zangu. Hilo jambo wanalikosea wengi, sio jamaa wa tiketi peke yake, kwa sababu watu wanadhani kampuni ikinunuliwa kila kitu kinaanza upya. Hakianzi.

Chukulia umenunua jengo Kariakoo. Chini kuna fremu za maduka, na fremu moja ina mpangaji aliyeandikishana mkataba mrefu na mwenye jengo wa zamani. Wewe umenunua jengo pamoja na huo mkataba. Kodi sasa ataleta kwako, ila kumtoa huwezi maadamu analipa na hajavunja masharti. Mpangaji ni Universal, mwenye jengo mpya ni Disney.

Mkataba wenyewe ulisainiwa Machi 1994 kati ya Marvel na MCA, ambao ndo walikuwa wamiliki wa Universal wakati huo. Marvel ya miaka ile sio hii mnayoijua, ilikuwa kampuni ya vitabu vya katuni, na Disemba 1996 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Universal wakajenga Islands of Adventure, ikafunguliwa 1999, ndani yake kisiwa kizima cha mashujaa wa Marvel, kuna treni ya Hulk, kuna Spider-Man, kuna mnara wa Doctor Doom. Disney wanakuja kutangaza kuinunua Marvel Agosti 2009, kama dola bilioni 4, na kisiwa kina miaka kumi kinaingiza watu.

Huo mkataba uliwekwa kwenye nyaraka za mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani kwa hiyo yeyote anaweza kuusoma, na mimi nakwambia ni mtamu kuusoma maana mpaka wake ni mto. Mto Mississippi. Mashariki ya mto, ambako Florida ipo, paki nyingine yoyote hairuhusiwi kutumia mhusika ambaye Universal wanamtumia. Na hawaangalii mhusika mmoja mmoja, wanaangalia familia. Universal wakimtumia mmoja wa Fantastic Four wamewafunga wote wanne, hivyo hivyo Avengers, na maadui wa shujaa wanahesabika upande wa shujaa wao. Kwa hiyo Spider-Man hawezi kusimama Disney World apige picha na mwanao hata kama kila mtu pale angependa. Magharibi ya mto wahusika wako huru, lakini hata huko paki zisizo za Universal haziruhusiwi kuweka neno Marvel kwenye jina la mchezo wala kwenye matangazo yake. Ndo maana Disney walipofungua eneo la mashujaa California, Juni 2021, wakaliita Avengers Campus. Na mwanao angemkuta Spider-Man hapo, anaruka angani kabisa juu ya jengo. Bahati mbaya mlienda upande mwingine wa mto.

Sasa angalia Disney walivyotafuta upenyo. Guardians of the Galaxy, kundi lingine la mashujaa wa Marvel, hawakuwa wanatumika Universal. Basi 2022 wakafungua treni yao ya Guardians pale Epcot, paki mojawapo ya Disney World hapo hapo Orlando, ndani ya mipaka ya mkataba, na jina la treni halina neno Marvel. Ukishaujua mkataba unaona kabisa kwa nini walichaguliwa hao na sio Iron Man wa Avengers.

Kingine, usidhani ni upande wa Marvel tu uliobadilisha mwenyewe. Wakati wa kusaini, MCA ilikuwa ya Matsushita wa Japani, 1995 ikaenda Seagram, 2000 ikaenda Vivendi ya Ufaransa, 2004 ikaingia General Electric, toka 2011 iko Comcast. Wamiliki wamebadilika pande zote mbili na karatasi ya 1994 bado inasimama.

Kipanga_wa_Moshi

SheriaKidogo umeeleza vizuri sana ila mi kuna kitu sielewi, Disney hela wanazo, si wawape Comcast kitita kama watu wanavyolipa kilemba cha fremu wamalizane? Na kwani huo mkataba hauishi?

SheriaKidogo

Kilemba kinategemea mpangaji anataka kuondoka. Huyu hataki. Mkataba wa Orlando haujawekewa mwaka wa kuisha, unaendelea maadamu Universal wanaliendesha eneo na kulitunza kwa kiwango kilichoandikwa, na wanalitunza kwelikweli. Treni ya Hulk waliifunga 2015 wakang'oa reli wakajenga nyingine, 2016 ikarudi. Mtu anayefikiria kuhama hafanyi hivyo. Alafu kila mwaka ada ya leseni inaenda Marvel, maana yake inaingia mfuko wa Disney, kwa hiyo mwenye jengo naye halali njaa.

Japani ndo ilikuwa tofauti. Osaka nako kulikuwa na Spider-Man wa Universal toka 2004, Januari 2024 wakamfunga. Kwa hiyo kuisha kunawezekana, inategemea kila mkataba umeandikwaje.

MamaZuu_DXB

Asalaam aleykum jamani. Kaka BabaImran nimesoma hapo kwenye kidaftari nikasimama kwanza. Allah amkuzie mwanao.

Mie niko Dubai mwaka wa kumi na moja sasa, na haya mambo huku tunayaona kwa macho kwa sababu mapaki ya huku karibu yote yamejengwa na watu wa huku kwa majina ya kukodi. Motiongate ilifunguliwa Disemba 2016, ndani mna Shrek, Kung Fu Panda, wale wanyama wa Madagascar, wote wa studio ya katuni ya DreamWorks. Sasa angalia tarehe, miezi minne kabla ya mlango kufunguliwa Comcast wamekamilisha kuinunua DreamWorks Animation kwa dola bilioni 3.8. Yani siku ya ufunguzi katuni za paki ya Dubai zilikuwa tayari mali ya kampuni yenye mapaki yake yenyewe ya Universal! Na Shrek hakwenda popote, wanangu wamekua wanamtembelea.

Ila sio wote wanaosalimika, na hapa nataka SheriaKidogo anisahihishe kama nakosea. Malaysia, kule juu mlimani Genting, walikuwa wanajenga paki ya jina la Fox, ile studio ya filamu, ya kwanza duniani. Wamejenga miaka. Disney wakaja kununua Fox, dola bilioni 71 na ushee, ikakamilika Machi 2019. Kabla hata haijakamilika Fox wakajitoa kwenye mkataba, Genting wakaenda mahakamani Novemba 2018 wanadai zaidi ya dola bilioni moja, wakasema Disney hawataki jina lao likae karibu na kasino, maana Genting ni mji wa kasino. Fox nao wakasema nyie ndo mlichelewesha ujenzi. Julai 2019 wakapatana nje ya mahakama. Paki ikafunguliwa Februari 2022 lakini neno Fox limeondolewa, inaitwa Genting SkyWorlds, baadhi ya katuni zikabaki kama zile za Ice Age.

Kwa hiyo huo mfano wa mpangaji mie naukubali, lakini mpangaji wa Orlando alikuwa ameshahamia, kapanga bidhaa, ana wateja. Yule wa Malaysia alikuwa bado anapiga plasta. Hapo kwenye ujenzi ndo mtu anaumizwa, na waliopata hasara ya kusubiri ni watu wengi, kuanzia mafundi mpaka waliokuwa wanangoja ajira.

SheriaKidogo

Dada MamaZuu sina cha kusahihisha, na hilo la plasta nalichukua. Niongeze upande wa pili wa kununuliwa Fox. Disney walikuwa wamekodi filamu ya Avatar kwa Fox toka 2011, wakajenga eneo la Pandora kwenye paki yao ya Animal Kingdom, ikafunguliwa 2017. Miaka miwili baadae wamemnunua mwenye nyumba wao, mpangaji kawa mwenye jengo. Na papo hapo wakawa wenye The Simpsons, ambao wako Universal toka 2008! Kwa hiyo ukipanda ule mchezo wa Simpsons leo, mwenye katuni ni Disney na mwenye mashine ni Comcast.

MamaZuu_DXB

Subiri Disney waje Abu Dhabi uone. Mei 2025 wametangaza paki Yas Island, na anayejenga na kuendesha sio wao, ni Miral, kampuni ya hapo hapo Abu Dhabi, hao hao wenye Warner Bros. World iliyopo toka 2018. Disney watatoa jina na ubunifu, wapate mrabaha. Kisiwa kimoja, mwenye ardhi mmoja, Mickey na Bugs Bunny, yule sungura wa Warner, majirani. Mie naona huo ndo utakuwa mtindo, kwa sababu mwenye katuni hatii hela yake kwenye saruji.

Chuma_Ohio

Naingia kwa mlango wa nyuma kidogo. Mi niliona hii kitu nikiwa na brashi mkononi.

Cedar Fair, kampuni ya mapaki ya huku Marekani, walinunua mapaki ya Paramount 2006, zaidi ya dola bilioni moja, na maeneo ya watoto yalikuwa ya katuni za Nickelodeon. Mapaki wameyanunua, katuni hawakuzinunua. Leseni ikaisha, wakaleta Snoopy, yule mbwa wa katuni, na wenzake ambao walikuwa na leseni yao tayari, msimu wa 2010 ndo mabadiliko. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikapata kibarua cha rangi kwenye paki moja ya huku. Baridi ya kukata vidole. Bembea haikubadilishwa hata boliti, ni ile ile, kazi yetu ilikuwa kukwangua uso wa zamani, kupiga msasa, kupaka rangi ya chini, alafu wenye mikono mizuri wanakuja kuchora Snoopy. Kuna gari moja dogo la watoto nilikwangua weee, rangi ya chungwa haiishi, kila nikidhani nimemaliza inachungulia kwenye kona ya bawaba. Paki ilipofunguliwa nilienda kuangalia watoto, wadogo kabisa hawakujua kitu, wale wa miaka saba nane ndo walikuwa wanamuuliza mama yao yule mwingine kaenda wapi.

Na hadithi haijaisha, Julai 2024 Cedar Fair wakaungana na Six Flags, kampuni nyingine ya mapaki. Upande mmoja una leseni ya Snoopy, mwingine una Bugs Bunny na mashujaa wa DC kutoka Warner, sasa wote chini ya bosi mmoja anayelipa leseni mbili. Kwa hiyo BabaImran kwa swali lako la mwisho, usiulize kampuni ni ya nani. Fungua ukurasa wa paki yenyewe, tafuta orodha ya wahusika wa kukutana nao siku hiyo unayoenda, ukimkosa mhusika kwenye orodha hayupo, hata wakala akuapie.

BabaImran

Nimesoma zote na mama watoto kasoma, tunawashukuru sana ndugu zangu. Nilikuwa na hasira na yule jamaa wa tiketi lakini naona na yeye alijibu kama nilivyokuwa najua mimi.

Hilo la mto nimemwonyesha dogo kwenye ramani, nikamwambia hapa ni kwetu, hapa ni mto, Spider-Man wa California anakaa huku, wa Florida anakaa hapa. Kaangalia muda mrefu. Alafu akauliza, baba, wanajuana?

Nimekosa jibu. Mwezi wa nne tunaenda upande wa Universal inshallah, orodha nimeshaifungua na jina lake nimeliona kwa macho yangu. Kidaftari anacho bado, ukurasa wa kwanza hajaruhusu mtu aandike.