Fundi ameruka fyuzi kwa kipande cha waya, sasa draya inaunguza taulo za wageni

Wadau wa Malindi, nina hasira na sitaificha. Na kabla hamjaniambia "anika juani": mwezi wa tano huu mvua haikatiki, kusi inavuma na chumvi yake, shuka zinashinda kwenye kamba mpaka zinanuka uvundo. Mgeni aliyelipa chumba Casuarina hatalalia uvundo. Ndiyo maana nikanunua mashine ya kukaushia.

Ikaanza kuchemka kupita kiasi. Taulo zinatoka kavu kama mkate wa mofa wa juzi, bati la mashine halishikiki. Mwisho joto likakata kabisa. Nikaita fundi. Akafungua nyuma, akapima na mita yake: "Mama, fyuzi ya joto imekatika." Hapo alisema kweli. Lakini fyuzi ile ikishakatika hairudi, hubadilishwa. Yeye akachukua kipande cha waya, akaunga huku na huku, akairuka. Akapokea pesa yake. "Mama, imepona."

Imepona nini? Fyuzi ile kwa kawaida hukatika kwa sababu hewa ya moto haina pa kutokea, au thamostati inayopaswa kuizima koili ya joto imeganda. Ukiiruka hujatengeneza kitu. Umeondoa kinga ya mwisho kati ya pamba na moto, basi! Mzigo uliofuata taulo zikatoka na madoa ya kuungua, harufu ikajaa ua mzima. Nimechomoa plagi. Fundi simu hapokei.

Haya, duka lililoniuzia nalo. Eti waranti imekufa kwa kuwa mashine imefunguliwa, tena kosa ni la umeme wa Malindi na hewa ya bahari. Nani aliyeifunga ukutani kama si vijana wao? Nimeivuta mbele nikaona kazi yao: paipu ya kutolea hewa ya moto, ile ya foili laini ya kukunjika, imebanwa na ukuta mpaka imelala bapa. Ndani imejaa manyoya ya nguo yaliyoshikana kwa unyevu. Kifuniko cha nje walichoweka ni cha bati, kimeliwa na kutu, hakifunguki hata ukikisukuma kwa kidole. Chujio la mlangoni nalisafisha kila mzigo, kwa hiyo msije na hilo. Umeme wetu unapanda na kushuka, sikatai, lakini umeme haukunji paipu. Na hewa ya bahari walijua iko wapi walipokuja kuniuzia.

Paipu nimeing'oa. Naweka ya chuma ngumu, fupi, inayotoka nje bila kona, na kifuniko cha plastiki. Waya wa yule bwana unatoka leo.

Ninachotafuta ni fyuzi ya joto na thamostati zenye digrii zile zile zilizochapishwa kwenye za zamani. Sitaki za "hii itaingia tu, mama". Nani anajua duka la vipuri Mombasa linalouza kwa kusoma namba badala ya kukisia kwa macho? Na kama kuna aliyewahi kulibana duka kwa ile sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 baada ya kuambiwa waranti imekufa, aniambie alianzia ofisi gani na alibeba karatasi zipi. Risiti ninayo, picha za paipu ninazo.