Re: Diwani wa wilaya Uingereza anaweza kunisaidia nini?

Kaka, kwa South Cambridgeshire uliyoulizia, wilaya iliyoko Uingereza, tenganisha kwanza ngazi mbili: wilaya, na kaunti iliyo juu yake. Wilaya inashughulikia taka, nyumba za halmashauri, vibali vya ujenzi na daftari la wapigakura. Shule, barabara na huduma za wazee ziko kaunti. Kodi ya halmashauri hukusanywa na wilaya, lakini sehemu kubwa huenda kaunti na polisi, kwa hiyo diwani wa wilaya hawezi kujibia bili nzima.

Madiwani ni 45, wote huchaguliwa siku moja kila miaka 4. Uchaguzi wa 2022 uliwapa Liberal Democrats viti 37 na Conservative 8. Madiwani humchagua kiongozi, naye huteua kabineti (madiwani wachache wanaoendesha halmashauri pamoja naye) isiyozidi watu 10, yeye akiwemo, na wote wanaweza kutoka chama kimoja. Kamati ndizo lazima zifuate uwiano wa viti vya vyama. Mwenyekiti wa halmashauri huongoza vikao tu, wala hana nguvu anazodhaniwa kuwa nazo. Mkurugenzi pia huajiriwa na halmashauri yenyewe, si kwa uteuzi kama Tanzania.

---

Naongezea kuhusu vibali vya ujenzi, maana wengi hukosea hapo. Kabineti haiamui ombi la jirani yako. Mengi huamuliwa na maofisa, machache hufika kwenye kamati. Ukitaka ombi hilo la jirani lifike huko, mwandikie diwani wa kata ndani ya siku 21 za maoni, ukitaja mwanga, maegesho au mafuriko. Hoja kwamba thamani ya nyumba yako itashuka haihesabiwi. Na akiwa mjumbe wa kamati, tafadhali usimwombe akuahidi kura: akionekana ameshaamua kabla ya kikao, huenda akalazimika kukaa pembeni, nawe umempoteza.

---

Dada, asante. Na kura tusiiache! Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wenye kibali cha kuishi wanaruhusiwa, kwa kuwa nchi zao zimo Jumuiya ya Madola. Wa Burundi na Kongo hawaruhusiwi mpaka wapate uraia. Jiandikishe angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Kituoni pasipoti ya nyumbani inakubaliwa hata ikiwa imeisha muda, mradi picha ifanane nawe. Leseni ya udereva ya nyumbani haikubaliwi. Andikisha majina yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, kwani yakitofautiana sana unaweza kunyimwa karatasi ya kura.