"Zinaingia mkuu, ondoa shaka": rimu pana za treki zilivyonikata madigadi na kuniua stadi

Wakuu, leo mniwie radhi, sijaja kistaarabu. Naandika mikono bado ina vumbi la breki.

Jumamosi gari langu limetoka treki, yaani uwanja wa mbio, limebebwa na bredauni. Injini nzima, gia boksi nzima. Kilichoniangusha ni rimu nilizonunua kwa pesa yangu, nikafungiwa na mtu anayejiita mtaalamu wa rimu, akaniangalia usoni akaniambia zinaingia.

Hilo neno "zinaingia" silitaki tena kulisikia. Hata sufuria ukiitoboa matundu 5 itaingia kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa.

Gari ni Toyota 86 ya toleo la kwanza. Kutoka kiwandani inavaa rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7, ET48 (ET ni kipimo cha rimu kukaa ndani au nje, nitaieleza hapo chini), tairi 215/45R17. Kwa barabarani sina neno, ule utelezi wake ndio raha yenyewe. Lakini treki ukikaza raundi tano mfululizo, tairi za mbele zinachemka, unakata usukani na gari linaendelea kwenda moja kwa moja kama halijasikia. Nikaamua kupanda hadi upana wa inchi 9, ET45, tairi 245/40R17. Hesabu nilipiga mwenyewe: kimo cha tairi kinatoka milimita 625 kwenda 628, hata spidomita haishtuki.

Nikaagiza ET45. Sanduku linafunguliwa, nyuma ya spoku imechorwa ET30.

Nikauliza. Jibu: "Mkuu, hizo ni milimita 15 tu, upana wa kidole. PCD, mpangilio wa matundu ya bolti, ni 5x100 kama ya gari lako, unataka nini tena?"

Sasa ngoja niliseme hapa, maana dukani hakutaka kulisikia. ET ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu mpaka ule uso unaokaa kwenye habu. Ikishuka, rimu nzima inasogea nje. Ukipiga kwa upana ulioandikwa, mdomo wa nje wa rimu ya kiwandani umekaa kama milimita 41 kutoka uso wa habu. Ya inchi 9 kwa ET45 unafika 69. Kwa ET30 unafika 84. Kwa hiyo mimi nilipanga kuongeza 28 nje na 22 ndani, mzigo ugawanywe pande mbili. Nilichofungiwa ni 43 nje na 7 ndani! Kule ndani, upande wa shokapu, mkono unapita bila kugusa kitu, huku nje tairi limetokeza kwenye madigadi kama kiwiko cha kondakta dirishani.

Na hapo bado sijasema usukani. Kuutoa mguu nje kiasi hicho kunabadilisha pale tairi linapokanyaga ukilinganisha na mhimili wa usukani. Mara ya kwanza tu kuendesha nilihisi: kila mfereji wa lami unavuta mikono, na ukikanyaga breki upande mmoja ukiwa na changarawe gari linataka kukupeleka upande ule mwingine wenye mshiko. Beringi za habu nazo zinabeba mkono mrefu kuliko zilivyokusudiwa. Nilijiambia nitazoea. Hilo kosa nalibeba mwenyewe, pamoja na lile la kukubali tairi zifungwe kabla sijajaribisha rimu tupu kwenye gari.

Raundi ya kwanza kimya. Ya pili, kona ndefu ya kulia, gari likalalia upande wa kushoto, nikasikia sauti kama msumeno unapita kwenye bati. Nikapunguza, ikakoma. Kona iliyofuata ikarudi, safari hii na harufu ya mpira.

Nilipoingia pembeni nikapiga goti kuangalia tairi la nyuma kushoto. Bega la nje lilikuwa na mfereji unaozunguka tairi zima, upana wake kama kalamu, umechongwa safi kabisa utasema kazi ya mashine. Ule ukingo wa madigadi uliokunjwa kwa ndani ulikuwa umeng'aa bati tupu, rangi imekwenda, na juu yake umelala unga mweusi wa mpira. Mbele, plastiki ya ndani ya madigadi imetoboka, kipande kinaning'inia. Tairi zenyewe zilikuwa bado na vile vinyweleo vya kiwandani katikati!

Nikampigia simu yule mtaalamu palepale. Mnajua alinishauri nini?

Nifunge spesa, kile kipande cha kuweka kati ya rimu na habu.

Wakuu, spesa! Rimu imetoka nje mno mpaka inakula bodi, na dawa yake ni kuisukuma nje zaidi. Ndipo nilipojua nimempa gari langu mtu asiyejua spesa inakwenda upande gani. Nilipombishia akahamia kwenye "basi kunja madigadi", kana kwamba kukunja ukingo kunazaa milimita 15. Angalau angeniambia niongeze kemba hasi, yaani kulaza juu ya tairi kwa ndani, ningemwona amewahi kushika gari la treki, ingawa mbele ya 86 kemba hairekebishiki kama ilivyotoka kiwandani, mpaka uweke bolti maalumu au pleti za juu ya shokapu.

Ningeishia hapo ningekuwa na hasira ya kawaida tu. Kilichonikosesha usingizi ni nati.

Nilitaka kurudisha rimu za zamani nirudi nyumbani nikiendesha. Nati ya kwanza ikatoka inalia. Ya pili ikagoma. Ya tatu ikazunguka na stadi yake, ile bolti ya habu inayoshika rimu, kisha tak, stadi ikabaki mkononi ndani ya nati. Jirani yangu pale pembeni, mzee mmoja mtaratibu, akachukua nati, akaipachika kwa vidole kwenye stadi ambayo haijaguswa. Ikazunguka mara moja na nusu ikakwama. Akasema, "Kijana, hizi si za gari hili."

Toyota nyingi zinatumia nati za M12x1.5 (unene milimita 12, nafasi ya jino hadi jino milimita 1.5), na fundi aliona nembo ya Toyota akachota kwenye kopo la Toyota. Lakini 86 imeundwa kwenye kiwanda cha Subaru, ina injini ya Subaru, na stadi zake ni M12x1.25. Meno yamekaribiana zaidi. Nati ya 1.5 haiwezi kuingia mpaka mwisho kwa mkono hata ukiibembeleza, kwa hiyo huyu bwana alizipiga kwa bunduki ya upepo mpaka zikakubali. Spana ya toki, ile ya kupimia nguvu ya kukaza, sikuiona siku ile. Gari hili linataka Nm 120, na kwa meno yaliyosagana namna hiyo hata ungepima ungekuwa unapima msuguano tu, wala si jinsi rimu ilivyobanwa. Nimepita mstari wa moja kwa moja kwa mwendo mkali nikiwa nimeshikiliwa na hivyo vitu. Mke wangu sijamweleza sehemu hii.

Ringi za kati nazo ni hadithi. Tundu la rimu ni milimita 73.1, habu ya 86 ni 56.1, katikati, kuziba hiyo nafasi, wakaniwekea ringi za plastiki. Kwa barabara zinavumilika. Kwa joto la diski za treki, mbili za mbele zimelainika zikaganda kwenye habu, nimezibandua kwa bisibisi vipandevipande.

Jana nimepeleka rimu nirudishiwe pesa. Amezigeuzageuza, amepitisha kidole pale zilipochubuka wakati tunang'ang'ana na nati, akaniambia hawapokei mzigo uliotumika, tena "una mikwaruzo". Nikamwonyesha oda yangu, imeandikwa ET45. Akasema ET45 ziliisha, akaona anisaidie.

Na nyie mnaomjibu kila anayeuliza "zangu zimekaa freshi", wengi wenu gari limeshushwa chini, limeegeshwa, limepigwa picha. Hakuna anayesema kama limewahi kubanwa kwenye kona kwa kasi na shokapu imeshuka mpaka mwisho. Mimi nilizisoma hizo comments kabla sijanunua.

Stadi 20 zote nazibadilisha wiki hii, pamoja na nati za 1.25 na ringi za alumini. Mwenye 17x9 ET45 za 5x100 kwenye 86 isiyoshushwa, anayekwenda nayo treki kweli, naomba picha ya tairi la nyuma, ya bega la nje. Picha ya gari zima sihitaji.